Nesi Seluvaia na mguu usio wa kaka yake

Saa moja kasorobo asubuhi, Seluvaia Fakatava anapanga mabeseni kwenye baraza ya kliniki. Yako kumi na mawili na hakuna mawili yanayofanana. Kuna jekundu, kuna la kijani lililoyeyuka ukingo kwa kuwekwa karibu na moto, kuna la bati, na kuna dogo la kuogeshea mtoto lenye picha ya bata.

Kila beseni analitia maji ya vuguvugu, kisha anachovya kiwiko cha mkono wa kushoto. Hachovyi vidole. Vidole vya nesi, anasema, vimezoea maji ya moto mpaka vimekuwa waongo.

"Mwenye kisukari, mguu wake haumwambii kitu," anasema huku akihamia beseni la pili. "Maji yatamchubua na yeye yuko anapiga soga na jirani. Kwa hiyo kiwiko changu kinahisi kwa niaba yao wote."

Leo ni Jumanne, na katika kisiwa cha Motufala, kwenye visiwa vya Ha'apai nchini Tonga, Jumanne ni siku ya miguu. Wenye kisukari wanakuja, wanaketi kwenye benchi refu, wanavua makubadhi, na nesi anakagua mguu mmoja mmoja: kisigino, unyayo, kucha, na kati ya kidole na kidole ambako ndiko maradhi hupenda kujificha.

Beseni la kumi na mbili, la bluu, haliachwi barazani. Analibeba ndani hadi kwenye kona ambako imetundikwa ngatu, kile kitambaa cha gome la mti kilichochorwa mistari ya kahawia. Ngatu hiyo imeshuka kutoka darini hadi shubiri mbili juu ya sakafu. Beseni analiweka upande wake. Upande wa pili kuna kiti.

Saa mbili na robo mlango wa nyuma unalia. Mtu anaketi kwa kishindo, anashusha pumzi, na chini ya ngatu unatokeza mguu wa kushoto wa mwanamume, mpana, wenye vidole vitatu.

"Mguu wa Vika umefika?" anauliza mzee mmoja kutoka barazani.

"Umefika," anajibu nesi.

"Unaendeleaje?"

"Unanenepa."

Benchi zima linacheka. Nyuma ya ngatu nako kuna anayecheka, ila bila sauti. Kidole gumba ndicho kinachomfichua, kwa sababu kinatikisika.

Anayetembea kwa mguu huo anaitwa Kepueli, ana miaka 53, ni mkulima wa viazi vikuu. Ni kaka yake Seluvaia, baba mmoja mama mmoja. Vika ni binti wa Seluvaia, ana miaka 23, anaishi Nuku'alofa, mji mkuu, na ana miguu yake mwenyewe miwili mizima. Jinsi mguu wa mjomba ulivyokuwa mali ya mpwa ni habari ya mwaka huu. Lakini chanzo chake kiko zaidi ya miaka thelathini nyuma, siku Seluvaia alipochagua unesi.

Alikuwa na miaka 18 na amemaliza shule kwa alama nzuri. Walimu walimtaka ualimu. Yeye moyo wake ulikuwa kliniki, kwa ajili ya mama mmoja wa kutoka kisiwa cha 'Eua aliyekuwa nesi wa kisiwa wakati huo. Seluvaia alikuwa akitumwa kumpelekea ndoo ya maji, na alikuwa akimtazama.

"Yule mama alijua siri za kisiwa kizima," anakumbuka. "Nani ana uvimbe, nani hapati usingizi, nani amekuja usiku akilia. Ukikutana naye njiani anakuuliza habari za kuku wako. Nikasema, kumbe mtu anaweza kubeba mizigo ya watu namna hii na bado akatembea wima. Nikaitaka kazi hiyo."

Kwao, neno la mwisho lilikuwa la Shangazi Pisila, dada mkubwa wa baba yake. Shangazi akiketi, watoto wa kaka yake hushusha sauti. Akikataa, hakuna wa kukata rufaa.

Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, akafuta mdomo, akasema: "Ualimu, sawa. Unesi kawauguze watu wa visiwa vingine. Ukirudi hapa, kaka zako watakufa na viatu miguuni."

Hakuna Mtonga ambaye angeuliza maana. Kaka na dada hawataniani, hawakai wakazungumza habari za mwili, na kaka haingii anakolala dada yake. Dada ndiye mkubwa kwa heshima hata kama amezaliwa wa mwisho. Kaka kumwekea dada yake mapajani mguu unaotoka usaha ni kama kutema mate kwenye sahani anayomwandalia.

Na kaka si wa tumbo moja tu. Watoto wa kiume wa baba wakubwa na wadogo, wa mama wakubwa, wa shangazi, wa wajomba, wote ni kaka. Motufala ina watu 236.

"Nilikaa nikahesabu kaka zangu," anasema Seluvaia. "Nilipofika arobaini na tatu nikaacha."

Aliyemwokoa ni Kepueli, akiwa kijana wa miaka 21. Alimchukua nguruwe jike wake mkubwa kuliko wote, akamwoka mzima katika tanuri la shimoni, akaongeza vikapu vinne vya viazi vikuu, akavipeleka kwa Shangazi Pisila na kuketi mlangoni amekunja miguu.

"Shangazi, mwache dada aende."

"Na wewe ukiugua?"

"Mimi? Mimi siugui. Hebu nitazame."

Shangazi akamtazama. Kifua kilikuwa kama mlango wa kanisa. Akacheka, akakata kipande cha mgongo chenye mafuta, akala. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

"Kwa hiyo kazi yangu ililipiwa na nguruwe wa kaka," anasema nesi. "Na kazi hiyohiyo ikamfungia yeye mlango."

Baada ya chuo alifanya kazi Vava'u na 'Eua kwa miaka tisa. Kisha akaomba mwenyewe kurudishwa Motufala, kwa kuwa kliniki ilikuwa imefungwa miezi kumi na minne na kila nesi aliyepangiwa huko alipata sababu ya kuumwa. Mshahara wake leo ni kama pa'anga mia sita kwa wiki mbili. Wenzake aliosoma nao, tisa kati ya kumi na mmoja, wako Auckland na Brisbane wakiuguza wazee wa watu, na kiasi hicho wanakipata kwa siku tatu. Humpigia simu Krismasi na kumwuliza kama bado anachovya kiwiko.

Kilichomuumiza si mshahara. Ni daftari la kisukari. Lina majina 38. Wanaume ni 21, na kati yao 15 ni kaka zake kwa hesabu ya ukoo. Kwa miaka ishirini, kati ya kaka hao aliyekuwa akija Jumanne ni mmoja tu, shemasi, ambaye alifumba macho na kusoma zaburi tangu mguu unaingia majini hadi unatoka.

Wengine waliobaki walijidai kwenda hospitali ya Pangai, mwendo wa saa mbili kwa boti, siku ambayo bahari imetulia na mafuta ya boti yapo. Siku hiyo haikuwa ikifika. Katika miaka hiyo ishirini, kaka zake wanne walikatwa miguu. Wawili wameshazikwa.

"Shangazi alikosea jambo moja," anasema, na hapa anaacha kufuta beseni. "Hawakufa na viatu. Walikufa hawana miguu ya kuvaa viatu."

Katikati ya Machi mwaka huu, Kepueli, ambaye naye jina lake limo daftarini, alikwenda mwambani kutafuta pweza. Alipofika nyumbani mkewe, Lesieli, akaona damu kwenye mkeka, na alipofuatilia akaona inatoka kwa mumewe. Alikuwa amekanyaga tumbawe na hakusikia.

Siku ya tatu Lesieli alikwenda kliniki.

"Wifi, naomba bandeji na dawa ya kuoshea."

"Nani kaumia?"

"Nguruwe."

Seluvaia anasema alimtazama wifi yake, na wifi yake akatazama dari. Wote wawili walielewana, na wote wawili walijua kwamba jina la mwenye kidonda haliwezi kutajwa pale.

"Nguruwe yupi?"

"Yule mkaidi."

"Kaumia wapi?"

"Chini. Kwato ya kushoto."

Basi nesi akafunga bandeji, shashi na vidonge, akatoa maelekezo: nguruwe ale vidonge viwili asubuhi na viwili jioni baada ya chakula, nguruwe asikanyage matope, nguruwe asikeshe akinywa kava, kile kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, na nguruwe apunguziwe sukari kwenye chai.

"Chai ataacha," alisema Lesieli. "Kava sijui. Unamjua nguruwe mwenyewe."

Iliendelea hivyo wiki sita. Kila Ijumaa wifi alikuja na kikapu, kila Ijumaa nesi aliuliza nguruwe anaendeleaje, na kila Ijumaa jibu lilikuwa anapona. Kepueli ndiye aliyemwagiza mkewe aseme hivyo. Wakati huohuo alianza kuvaa buti la mpira mguu mmoja, akisema ni kwa ajili ya tope la shambani, ingawa mvua haikunyesha wiki tatu. Kanisani akahamia benchi la mwisho karibu na mlango, kwenye upepo.

Seluvaia hajitetei. "Nililiona buti. Nililiona benchi. Nilitibu kidonda ambacho sijakiona, kwa wiki sita, kwa sababu ya adabu. Angekuwa mtu baki ningevunja mlango. Mtu wangu mwenyewe nikamtibu kwa kubahatisha. Nesi hatibu kwa kubahatisha."

Kisha ikaja Jumamosi ya mwanzo wa Mei. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya watoto, siku ya nguo nyeupe na mashairi ya Biblia, na Vika akaja na boti ya mchana kutoka mjini kama kila mwaka. Alipita kwa mjomba wake kumsalimia. Alikaa dakika tano, akatoka, akaenda kliniki akikimbia.

"Mama, mjomba anaoza," alisema.

Seluvaia akapiga simu Pangai. Daktari alimsikiliza.

"Nesi, umekiona kidonda?"

"Bado."

"Wiki sita, bado?"

"Ni kaka yangu, daktari."

Daktari naye Mtonga, ana dada zake. Alisema: "Nimekuelewa. Ila kidonda hakitatuelewa."

Boti ya kurudi ingeondoka Jumatatu, kwa maana Jumapili hakuna chombo kinachong'oa nanga Tonga. Daktari alisema mguu hauwezi kusubiri hadi Jumatatu vivi hivi. Nyama iliyokufa iondolewe siku ileile, sindano zianze, na aambiwe weusi umefika wapi. Ukiwa umevuka kifundo, Jumatatu atakata gotini.

Mchungaji alikwenda kumwomba Kepueli. Akakataa kwa heshima. Lesieli akalia, mumewe akakataa kwa upole zaidi. Alisema atakwenda Jumatatu, na akatwe panapokatwa, lakini dada yake hatamshika mguu ule.

Vika alikuwa ameketi kwenye ngazi za kliniki akisikiliza habari hizo zikiletwa. Anasema hakuwaza sana. Aliingia nyumbani, akafunga kiunoni mkeka wake wa heshima, kama Mtonga anayekwenda kwenye shughuli, akarudi kwa mjomba.

Mtoto wa dada, kwa Watonga, ni fahu kwa mjomba wake. Akiingia kwa mjomba habishi hodi. Akitaka kitu anasema, na mjomba hutoa. Vika aliingia, akaketi kwenye mkeka mzuri kuliko yote, akafunua sufuria ya majani ya magimbi na nyama ya kopo, akala kipande cha juu.

"Haya, mfalme kaja," alisema Kepueli kutoka kitandani. "Umekuja kutufilisi tena?"

"Mjomba, nimekuja kuomba."

"Ndiyo kazi yako. Omba."

"Ni kitu kikubwa."

"Chukua lile dume jeusi. Ila mwachie mkazamjomba wako mapaja."

"Sitaki nguruwe."

"Mtumbwi? Chukua. Ile ngatu ya bibi yako? Iko darini, panda uitoe."

"Nataka mguu wako. Wa kushoto."

Lesieli alikuwa mlangoni anakamua tui. Anasema chujio lilimtoka mkononi, likaangukia mchangani, na tui lote la chakula cha Jumapili likaenda.

Kepueli alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Mguu hautolewi."

"Mjomba, nilipokuwa na miaka sita nilichukua redio yako. Kumi na mitatu, nikachukua baiskeli. Mwaka juzi nikachukua ng'ombe. Umewahi kuninyima?"

"Ng'ombe si mguu."

"Basi ninyime. Mkeo yuko hapo, anasikia. Sema kwamba Kepueli amemnyima mtoto wa dada yake."

Kepueli alilitazama buti kwa muda mrefu. Lesieli anasema hata kuku walinyamaza, ingawa Vika anasema kuku walikuwa wakinywa lile tui.

"Utaufanyia nini?"

"Ukishakuwa wangu ni juu yangu."

"Unanuka, mwanangu."

"Kitu changu. Kinuke kisinuke, kinanihusu mimi."

Kepueli akageuza uso ukutani. "Chukua," alisema.

Vika akavuta buti taratibu. Alipokiona kilichomo alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mguu wangu unaumwa. Nami nikiumwa, nampelekea mama yangu. Au nimpelekee nani?"

Walimbeba hadi kliniki kabla jua halijatua. Ile ngatu ya bibi ikashushwa darini ikatundikwa kwenye kona, Kepueli akalazwa nyuma yake, na mguu ukatokezwa chini. Seluvaia akavaa glavu. Kabla ya kuugusa alimtaja kwanza mwenye mguu.

"Nilisema kwa sauti, ili wote wasikie. Nikasema, huu ni mguu wa binti yangu. Nimeuzaa mwenyewe."

Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi kama kuni zilizozimwa. Kutoka hapo weusi ulipanda hadi katikati ya wayo. Kifundo kilikuwa kimevimba, lakini kilikuwa chekundu, kina joto, kiko hai.

Akaanza kuondoa nyama iliyokufa, kidogo kidogo. Hakuzungumza na kaka yake hata neno moja. Alizungumza na Vika aliyesimama katikati akiwa ameishika ngatu.

"Mwambie anayekaa na mguu wako asiukaze."

"Mjomba, usiukaze."

"Mwambie huyo nesi mikono yake ya baridi."

"Mama, mikono yako ya baridi."

"Mwambie kwa mshahara wa serikali, anapata mikono ya baridi."

Kisha nyuma ya ngatu mtu akacheka, na Lesieli, aliyekuwa nje akiomba Mungu, akajua kwamba mumewe ataishi.

Sindano zilikwenda usiku kucha na Jumapili yote. Kwa mara ya kwanza tangu arudi kisiwani, nesi alikosa Jumapili ya watoto. Aliwasikia wakiimba kutoka ng'ambo ya uwanja huku akihesabu matone ya dawa. Jumatatu asubuhi boti iliwachukua Kepueli na Vika, maana mwenye mguu lazima asafiri nao. Seluvaia hakuweza kwenda. Nesi wa Motufala ni yeye peke yake.

Siku hiyo alipiga deki sakafu mara tatu. Alikata kucha za wazee ambao kucha zao hazikuwa ndefu. Simu ililia saa tisa alasiri.

"Mama, wamechukua vidole viwili," alisema Vika. "Mguu wangu wamenirudishia."

"Mpaka wapi?"

"Vidole tu, mama. Daktari kasema usingesafisha Jumamosi ingekuwa goti."

Seluvaia anaonyesha mahali alipokuwa, pale kwenye ngazi, karibu na tangi la maji ya mvua. "Nilikaa chini. Sikulia. Nilicheka peke yangu kama mwehu, mpaka nguruwe wa mchungaji akanikimbia. Nikamwambia, usikimbie, nguruwe wetu amepona."

Kidonda kilifunga kabisa mwezi Agosti. Lakini kabla ya hapo habari ilikuwa imeshazunguka nyumba kwa nyumba, na watoto wa Motufala wakaelewa kwamba wana mali ambayo hawakujua kama wanayo. Mwezi Juni binti wa miaka saba alisimama mbele ya mjomba wake, mvuvi mwenye mabega ya ng'ombe, akaomba miguu yote miwili kwa pamoja. Mvuvi alijaribu kumpa baiskeli. Mtoto akasema baiskeli atachukua pia.

Ndiyo sababu kiti kilicho nyuma ya ngatu hakikai kitupu. Kati ya kaka 15 walio daftarini, 11 sasa wanakuja kila Jumanne, kila mmoja akiwa na mguu wa mtu. Wanne bado. Mmoja wao mpwa wake yuko Sydney, na familia inatafuta njia ya kuomba kwa simu.

"Hakuna mila iliyovunjwa hapa," anasema Lesieli, ambaye siku hizi ndiye anayechemsha maji ya mabeseni. "Mila yenyewe ndiyo iliyotufungulia. Sisi tulikuwa tumekaa nje ya mlango usio na komeo." Kisha anamgeukia wifi yake. "Ila bandeji za bure za nguruwe nimezikosa."

"Leta nguruwe nimwone," anajibu Seluvaia.

Vika hakuwahi kuutaka unesi. Anasema hivyo waziwazi kwa simu, kutoka dukani Nuku'alofa anakouza vocha na chaja. "Utoto wangu wote nimekula chakula baridi kwa sababu ya miguu ya watu. Mama anaweka kijiko mdomoni, mtu anabisha hodi. Nilisema mimi hapana. Mimi nitauza vitu ambavyo havitoi damu."

Siku tisa alizokaa wodini Pangai zilimharibia mpango. Siku ya nne, anasema, alimwona mtu akifungwa bandeji ikabana kidole, na mkono wake ukanyooka wenyewe kuilegeza kabla hajajua anafanya nini. Nesi wa zamu alimwuliza amesomea wapi. Akajibu, kwenye meza ya chakula.

Mwezi Septemba alijaza fomu za chuo cha uuguzi. Amepokelewa. Ataanza Januari, miaka mitatu.

"Sikumsukuma," anasema mama yake. "Kazi hii ukimsukuma mtu ataanguka nayo. Aliponiambia nilimwuliza swali moja tu, kama anajua chakula kitaendelea kuwa baridi. Akasema anajua."

Kulikuwa na neno moja bado. Vika naye ana shangazi, dada wa baba yake, huko Vava'u, na bila shangazi hakuna safari. Baba yake yuko Australia akichuma nyanya hadi Desemba. Kwa hiyo mwezi uliopita Kepueli alipanda meli akiwa na fimbo, vidole vitatu na nguruwe aliyeokwa, akaenda kuketi mlangoni pa mwanamke huyo kama alivyoketi pa Shangazi Pisila.

Shangazi wa Vika aliuliza lilelile. Kepueli ana wana watatu, na hao ni kaka za Vika. Wakiugua je?

"Safari hii sikusema hawaugui," anasimulia Kepueli kwa sauti kutoka nyuma ya ngatu, akijua benchi lote linasikiliza. "Nilimwambia wataugua kama watu wote. Kisha nikamwonyesha mguu. Nikamwambia, huu si wangu, ni wa huyo unayetaka kumzuia. Akautazama sana. Akala mgongo wote peke yake."

Seluvaia ana miaka 50. Anataka kufanya kazi hadi Vika amalize, kisha wawe wawili, na mabeseni yafike ishirini na manne. Kepueli ameanza kujenga chumba kidogo kwa nyuma chenye mlango wake, ili mtu atakayekuja kuuguzwa na dada yake asikae jirani na benchi. Mbao amezipanga chini ya mti wa mkungu, na misumari iko kwenye buti lile la mpira, ambalo sasa halina kazi nyingine.

Saa mbili na nusu mguu unatolewa majini. Nesi anaukausha kwa kitambaa cheupe, anapita kati ya kila kidole, anafika palipokuwa na viwili na kukausha hapo pia. Kovu limefungana vizuri, laini, la rangi ya waridi. Analibonyeza kwa kidole gumba, anangoja, analibonyeza tena.

"Mwenye mguu anarudi lini?" inauliza sauti nyuma ya ngatu.

Vika hayupo leo katikati yao kupokea maneno na kuyapeleka. Seluvaia anapaka mafuta kisigino, anakamilisha, anafunika kopo.

"Miaka mitatu," anajibu mwenyewe.

"Mirefu."

"Si mirefu sana."

Mguu unajivuta polepole chini ya kitambaa cha gome. Kinasikika kiti, kisha fimbo, kisha mlango wa nyuma ukifunguliwa.

"Basi uutunze, dada," anasema Kepueli akitoka. "Mali ya watu hiyo."